Biskuti za Saa Nne

Tarehe 3 Februari

Wifi yangu,

Shikamoo. Sisi huku tunaendelea, ukiacha mafua ya pacha, ambayo humwacha mmoja pale tu yanapomshika mwenzake. Wote wawili wameng'oka meno ya mbele wiki moja, sasa wakicheka ni kama nyumba iliyosahauliwa mlango wazi. Paka kazaa tena, safari hii ndani ya ndoo ya nguo chafu, na hakuna mwenye moyo wa kufua.

Najua umeshtuka kuuona mwandiko wangu. Tangu arusi hatujaandikiana, na arusi ina miaka saba. Ningepiga simu, lakini nyumba yetu ni vyumba viwili na kilichovitenganisha ni ubao. Ukisema pole chumbani, sebuleni wanakuitikia. Karatasi haina sauti. Kwa hiyo naomba ujibu kwa anwani ya shule iliyo nyuma ya bahasha, si ya nyumbani.

Shule hiyo ni ya chekechea, na mimi ndiye mpishi wake. Nina watoto sitini na wanne. Asubuhi nawapikia uji, saa nne nawapa kipande cha mkate. Mkate umepanda bei, na kamati ya shule inatafuta kitu kingine. Basi akatokea wakala wa biskuti za kiwandani, ana tai, ana mkoba, akasema ataleta biskuti za pakiti kila siku, shilingi tisa kila moja, na maziwa ya boksi badala ya uji. Hapo mpishi wa nini? Pakiti hata mtoto huichana mwenyewe. Nikasimama nikasema mimi naweza kuoka biskuti za oti, za kushibisha, kwa bei iliyo chini ya tisa. Mdomo ulitangulia, akili ikaja nyuma inahema. Wamenipa mpaka tarehe 20 Mei niwaletee za kuonja pamoja na hesabu yake. Nikishindwa, wakala anaingia na mimi natoka.

Mtu pekee ninayemjua aliyejenga nyumba kwa biskuti za oti ni wewe. Naomba unifundishe. Sijui kama nina haki ya kuomba, lakini mwenye shida hachagui mlango wa kubisha.

Wote wanakusalimu. Pacha wanauliza shangazi yao anafananaje. Nimewaambia ni mrefu.

Wifi yako,
Mama Pacha


Tarehe 27 Februari

Mama Pacha,

Marahaba. Mimi mzima. Mgongo asubuhi hauna neno, jioni unaanza madai. Paa la jiko lilivuja mvua ya juzi, nikapanda mwenyewe na kipande cha bati. Jirani yangu fundi cherehani alinishikia ngazi, na muda wote ananisimulia habari za watu waliokufa kwa kuanguka.

Umeandika kwamba wote wananisalimu. Wote ni wangapi? Mimi nimehesabu watatu, wewe na hao pacha wawili. Nimerudisha salamu tatu.

Barua yako imekaa juu ya kabati wiki mbili. Si kwamba nilikuwa na kazi nyingi. Nilikuwa nakasirika kwanza, kila jambo na zamu yake. Kwa arusi yenu nilioka biskuti mia nne na kumi na mbili. Wageni walikuwa mia mbili na sita, nilipiga mbilimbili. Nilizioka kwa oveni moja, nikasafiri nazo mapajani kama mtoto mchanga, nikashuka miguu imekufa ganzi. Sherehe ikapita. Asubuhi naingia stoo kutafuta ufagio, nayakuta maboksi yangu, kamba hazijafunguliwa. Nikazihesabu. Sikuwa na haja ya kuhesabu lakini nikahesabu. Mia nne na kumi na mbili. Hata panya hakuonja. Mwosha vyombo alinieleza nani aliyeyabeba kuyaficha mle, na alivyosema: "Tusiwape wageni chakula cha farasi." Mtu huyo simtaji. Nimemaliza.

Sasa tuje kwenye kazi, maana ugomvi wangu si na wewe, na watoto sitini na wanne hawakualikwa kwenye ile arusi.

Oti usinunue za kopo. Kopo unalipia picha. Tafuta duka la jumla, wakupimie kutoka kwenye gunia, uzishike mkononi kwanza. Zikinuka vumbi ziache. Kwa mkupuo mmoja wa biskuti arobaini na nane utataka oti vikombe sita, unga wa ngano vikombe vitatu, siagi robo kilo, sukari robo kilo, mayai mawili, kijiko kidogo cha bekingi poda, chumvi ya kubana kwa vidole, na mdalasini. Mayai mwombe muuzaji yale yenye ufa. Yeye anayaona hasara, wewe unakwenda kuyavunja hata hivyo. Oti zikaange kavu kwanza hadi zinukie. Siagi na sukari visugue pamoja mpaka mkono ukuombe msamaha. Changanya, kata, panga. Moto uwe wa wastani. Kingo zikishika rangi ya chai ya maziwa toa, hata kama katikati ni laini. Zitakazana zenyewe kwenye trei.

Bei ya huku: oti tisini, unga arobaini, siagi mia na kumi, sukari hamsini, mayai ishirini, vidogovidogo kumi na nne, mkaa thelathini na sita. Jumla mia tatu na sitini. Gawa kwa arobaini na nane, ni saba na nusu. Huyo mwenye tai na tisa yake mwache aje.

Sikukuambia haya nikiwa nimefurahi. Nimekuambia kwa sababu ni kweli.

Wifi yako


Tarehe 19 Machi

Wifi yangu,

Shikamoo. Mafua yamekwisha. Paka kahamia kitandani kwetu na watoto wake wanne. Pole kwa paa, na kwa jirani.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimekaa kwenye gunia la viazi stoo ya shule. Ile habari ya maboksi sikuwa naijua, wifi. Mimi siku ile nilikuwa nimekazwa na gauni, hata pumzi sikuwa nayo, sembuse habari. Sina la kusema kwa niaba ya mtu mwingine.

Nimeoka. Nilifuata neno kwa neno. Nilipima vikombe sita, nilipima vitatu, mayai ya ufa nilipata kwa bei ya kutupa. Zilinukia mpaka mwalimu wa darasa la wadogo akaja kuchungulia. Zikatoka. Nikashika moja, ikabaki vumbi mkononi. Nikashika ya pili, hivyohivyo. Mzee wa usafi akaja na ufagio akaniuliza kwa upole kama azoe kifusi sasa au angoje kipoe. Kati ya arobaini na nane, zilizosimama zilikuwa kumi na tisa, na hizo nazo ukizitazama vibaya zinaanguka.

Nimejaribu mara nne. Nimepunguza moto, nimeongeza moto. Mara ya tatu nimesugua siagi mpaka bega likahama. Nusu ya mfuko wangu wa kilo tano wa oti imekwisha. Makombo sijayatupa, nimeyamwaga kwenye uji, na watoto wameomba tena, kwa hiyo hasara yangu ni tamu. Lakini kamati sitaiwekea makombo kwenye sahani.

Kwa kuwa jiko la shule lina kazi asubuhi, mara nyingine naoka nyumbani. Mtu mmoja ameanza kuuliza mbona nyumba inanuka mdalasini. Nimesema ni dawa ya kifua.

Nisaidie, wifi. Nakosea wapi?

Mama Pacha


Tarehe 4 Aprili

Mama Pacha,

Marahaba. Mgongo umetulia, sasa ni goti. Fundi cherehani amevunjika kidole cha mguu kwa kukipiga kwenye ile ngazi yangu, ikiwa imelala chini. Nimempelekea biskuti sita na sikumwambia neno, ila nilicheka njiani kurudi.

Kumi na tisa kwa arobaini na nane. Kwa hesabu hiyo kila biskuti yako iliyosimama imekugharimu zaidi ya kumi na nane. Kwa bei hiyo waoke dhahabu.

Nimelifikiria jambo lako nikiwa nakanda, na kukanda kwangu ndiko kusoma kwangu. Moto si tatizo, moto mbaya huunguza, hauvunji. Siagi unasema umesugua, nakuamini. Lakini kuna kitu hakijakaa sawa. Unasema mikupuo minne imekula nusu ya mfuko wa kilo tano. Kwangu nusu ya mfuko huo ni mikupuo saba. Oti za mikupuo mitatu zimekwenda wapi? Nimetafuta majibu nimepata manne. La kwanza, mwenye duka anakupunja, mizani yake ina jiwe. La pili, pacha wanalamba oti mbichi. La tatu, panya. La nne sitaki kuliandika, kwamba mikono yako ni ya kumwaga. Nyumba nyingine watu hupima kitu huku wakiongea, nusu inaingia kwenye bakuli na nusu sakafuni. Mimi nikipima siongei hata na mteja.

Pima tena ukiwa umenyamaza. Kikombe kijae, usishindilie, pitisha kisu juu.

Nakutumia biskuti za mfano kwa dereva wa lori la mizigo, ziko kwenye boksi la viatu. Nimeweka kumi na nne, kwa sababu dereva atakula mbili na mimi nataka zikufikie kumi na mbili. Moja ivunje utazame ndani ilivyoshikana. Nyingine wape pacha wamjue shangazi yao kwa mdomo kabla ya macho.

Salamu tatu.

Wifi yako


Tarehe 22 Aprili

Wifi yangu,

Shikamoo. Pole ya goti, na fundi mpe pole kama umekwisha kucheka.

Boksi limefika. Dereva amekula tano. Nilipomtazama akasema safari ilikuwa ndefu kuliko alivyodhani. Pacha wamekula mbili, na sasa wakitaka kitu kizuri hawasemi biskuti, wanasema "shangazi". Nimevunja moja nikaitazama ndani kama unavyosema. Imeshikana kama familia ya watu wengine. Zilizobaki nimezificha nyumbani ndani ya debe la unga, sitaki maswali.

Duka nimelibadilisha. Mitego ya panya nimeweka, imemnasa paka. Nimepima nikiwa kimya, nimefunga na mlango. Kifusi kilekile.

Jana wakala alipita shuleni na boksi la pakiti za bure, akagawa. Watoto walishangilia zile karatasi zinazong'aa. Mwekahazina wa kamati amenishika bega akasema hata nikishindwa watanikumbuka kwa uji. Wifi, mtu ukishaanza kuambiwa utakumbukwa, ujue umeshaondoka.

Sijui nikuulize nini tena. Nimechoka kidogo.

Mama Pacha


Tarehe 10 Mei

Mama Pacha,

Ile ya Aprili ilifika, nimengoja nyingine, haikuja. Nimemwuliza dereva wa lori, anasema hana habari, na kwa jinsi alivyoshiba sidhani kama anazitafuta.

Huku ni wazima. Paa halivuji. Biashara nzuri, shule ya ufundi iliyo ng'ambo ya barabara imeanza kuchukua biskuti mia kila Ijumaa.

Sikiliza. Mimi sikusoma sana, unajua kwamba mwenye zamu ya kusoma hakuwa mimi. Lakini kitu chenye hesabu hakijawahi kunishinda. Nilianza na jiko moja la mkaa na trei ya kuazima, hakuna aliyenipa hata kiberiti, nikahesabu mpaka nikafika hapa. Sasa hesabu yako imenikalia kichwani, nalala nayo. Siagi ileile, sukari ileile, mayai mawili ni mawili popote duniani. Oti zako zinakwisha haraka na biskuti zako zinakauka. Kuna kitu kimoja hapo nimekiruka, na kinanikera kwa sababu naona kama kiko karibu na pua yangu.

Usiwape kazi yako bure. Una mikono na una kichwa, na kwa barua zako naona una ulimi pia. Kama umeshindwa niambie umeshindwa, lakini usininyamazie. Kunyamaziwa nimeshapata mwingine wa kunitosha.

Huyo mwenye nyumba bado anakohoa msimu wa vumbi? Usijibu hilo swali. Kalamu imepita tu.

Wifi yako


Tarehe 26 Mei

Wifi yangu,

Shikamoo, na unisamehe kimya. Nilitaka nikuandikie mara moja tu, nikiwa na neno zima.

Nianzie jikoni. Siku barua yako ya mwisho ilipofika nilitoka sokoni, nikamkuta mume wangu amesimama, debe la unga liko wazi, biskuti yako iko mkononi mwake imeliwa nusu. Alikuwa anatafuta unga wa kubandika karatasi dirishani. Hakuniuliza nimeipata wapi. Aliuliza, "Dada amekuja lini?" Wifi, alikuwa anaiulizia biskuti kama mtu anavyomwulizia mgeni aliyeacha viatu mlangoni.

Nikamwambia hajaja mtu. Akaimaliza akiwa amesimama vilevile, akaokota na makombo kwenye shati. Nikaona hakuna la kuficha tena, nikamwambia yote, kamati, wakala, barua, kifusi. Nilitegemea akasirike. Akasema tu, hebu niione hiyo karatasi ya vipimo. Akaisoma polepole. Alipofika kwenye vikombe sita akaacha kusoma.

"Umepima kwa nini?"

Nikamwonyesha kikombe cha kupimia cha shule, kile chenye mistari ya namba.

Akaanza kucheka. Si kile kicheko chake cha kazini, ni kile ambacho pacha hawajawahi kukisikia. Walikuja mbio kuona baba ana nini. Akasema kwenu hakukuwa na kikombe hata kimoja, vilikwisha kuvunjika kabla hajajua kutembea. Mlikuwa mnanywea kifuniko cha chupa ya chai, wote kwa zamu, na kikombe kwenu ndicho hicho. "Dada akikuambia kikombe," akasema, "anakuambia kifuniko. Hajui kikombe kingine. Na mimi nilikuwa sijui mpaka nilipokwenda shule ya bweni, wakanipa chai nikadhani wamenipa ya watu wawili."

Akatwaa kifuniko cha chupa yetu, akakijaza oti, akazimimina kwenye kikombe changu. Hazikufika hata mstari wa tatu kati ya mistari minne. Ndipo nikazielewa oti zangu zilikokwenda. Nilikuwa nazidisha oti na unga karibu mara mbili, halafu siagi ileile ya robo ishikilie msiba wote huo peke yake.

Tukaoka hapohapo. Yeye alisugua siagi, anasema ulimfundisha akiwa na urefu wa meza. Zikatoka arobaini na sita nzima na mbili zilizoungua kwa sababu ya maneno yake mengi. Wakati zinapoa nikamwuliza kuhusu yale maboksi ya arusi. Akasema anakwenda kuangalia bawaba za geti. Wifi, geti letu halina bawaba. Ni la kuegemeza.

Sasa tarehe 20. Nilikwenda na trei mbili nimezifunika kitambaa. Kamati imekaa, watu saba, na wakala kwenye kiti cha pembeni na tai yake. Mwenyekiti wa kamati ni meneja wa kiwanda cha mbao, yule ambaye mume wangu ni mtunza stoo wake. Pengine unamkumbuka, kwenye arusi alikaa meza ya mbele. Kabla sijaweka trei mezani mlango ukafunguliwa, akaingia mume wangu na koti lake la stoo lenye vumbi la mbao. Hakualikwa na hakuwa ameniambia. Alinipokea trei, akazunguka nayo mwenyewe, mtu mmoja mmoja, na wa kwanza kumwinamia alikuwa meneja.

Meneja akashika moja akaigeuzageuza. Akauliza, "Hivi oti si chakula cha farasi hiki?"

Nilimwona mume wangu shingo inamwiva. Nikasema leo ndiyo leo. Yeye akasema, "Ni kweli, meneja. Lakini umewahi kuona farasi amechoka saa nne?"

Walicheka wote, hata wakala, akakumbuka kazi yake akaacha. Meneja akala. Akachukua ya pili bila kuuliza. Akataka kujua zimetoka wapi. Mume wangu akasema, "Kaoka mke wangu. Ufundi na hesabu ni vya dada yangu. Ana nyumba yake aliyoijenga kwa hizi, na mimi sikuwahi kumsaidia hata tofali." Alisema kwa sauti, wifi, mbele ya watu saba na tai moja. Halafu akaaga, akasema kaacha stoo wazi, akaondoka. Jasho lilikuwa limemlowesha mgongo.

Mwekahazina akauliza hesabu. Nikamsomea moja moja, kwa bei ya huku inafika nane kamili. Wakala akasema anaweza kushuka hadi nane na nusu. Mama mmoja wa kamati, muuza nguo, akamwuliza kama anaweza kushuka zaidi, na kama anaweza mbona tangu Februari hakushuka. Hapo tai ikalegea. Wamenipa muhula mzima wa majaribio. Uji unabaki na mimi ninabaki.

Ila furaha nayo ina deni lake. Jiko la shule ni dogo, linachukua trei moja, na wakati wa uji halichukui kitu. Watoto ni sitini na wanne kila siku na mkupuo wako ni arobaini na nane. Siku ya kwanza nilitosheleza. Ya pili nilipungukiwa kumi na moja, nikakata nusunusu, mtoto mmoja akaja kuniuliza nusu nyingine ya biskuti yake iko kwa nani. Hivi sasa naoka hapa, naoka nyumbani, nabeba trei kichwani asubuhi kama mtu anayehama. Sijapata mpango mzuri. Sikuombi kitu, nakusimulia tu.

Wote wanakusalimu. Wote ni wanne. Nimewahesabu mara mbili.

Mama Pacha

Nyongeza: bado anakohoa msimu wa vumbi. Uliniambia nisijibu, kwa hiyo sijajibu.


Tarehe 8 Juni

Mama Pacha,

Marahaba. Mzima. Goti limepona siku ileile barua yako ilipofika, nadhani kwa hasira, maana nilitembea mpaka kwa fundi cherehani kumsomea na kurudi bila kuhisi kitu. Alicheka akashikilia kidole chake cha mguu. Nikamwambia hakuna cha kuchekesha.

Kuhusu kikombe. Mimi sijakosea. Kikombe ni kile ambacho watu wa nyumba wananywea. Kwetu tulinywea hicho, tukakua, hakuna aliyebaki mfupi. Wewe ndiye uliyeolewa ukaja na vikombe vyenye mistari. Hata hivyo nimekwenda dukani nikanunua kimoja cha namna hiyo, nikapima. Vikombe vyangu sita ni vitatu na nusu na kidogo vya kwako. Nimeandika ukutani juu ya meza, kwa rangi, mtu mwingine akiniuliza nimsomee. Ufundi ni huohuo. Ni dunia iliyoongeza ukubwa wa vyombo bila kuniarifu.

Kuhusu aliyoyasema mbele ya kamati, nimeyasoma. Nimeyasoma zaidi ya mara moja, ile karatasi imeingia siagi pembeni. Sina la kuongeza. Tofali kweli hakunipa.

Salamu nne zimefika. Nimerudisha nne.

Sasa huo mpango wako wa kubeba trei kichwani ni wa kijinga, na unakula faida. Sitini na wanne kwa siku tano ni mia tatu na ishirini. Kwa mkupuo wa arobaini na nane ni mikupuo saba kwa wiki na zinabaki kumi na sita za akiba. Kwa nini unaoka kila siku? Biskuti ya oti inakaa wiki ndani ya debe kavu na haibadiliki, ya siku ya tatu ni nzuri kuliko ya siku ya kwanza. Oka Jumamosi mikupuo minne, Jumatano mchana mitatu watoto wakishaondoka, jiko likiwa bado na moto wa uji, hapo mkaa umeokoa nusu. Unga wa wiki pima wote mara moja. Siagi nunua kwa ndoo, si kwa pakiti. Pakiti nayo ni picha.

Haya mambo hayaelezeki kwa kalamu. Nimejaribu, umeona tulikofika. Kwa hiyo shule zikifunga nitafunga jiko langu wiki mbili, jambo ambalo sijalifanya tangu nilifungue. Shule ya ufundi nimeshawaambia, wamelalamika, nimewaacha walalamike. Nakuja kukagua hilo jiko lako, kukupangia madebe, na kumwonyesha huyo mwenye duka la jumla kwamba upo mtu nyuma yako. Nakuja na trei zangu mbili. Sitaki makuu, sitaki mniachie kitanda, na huyo paka mtoeni mapema.

Mtu asidhani nakuja kwa ajili yake. Nakuja kwa ajili ya kazi. Ila trei ni nzito na mimi si kijana, kwa hiyo anipokee kituoni tarehe 14 Julai, basi la kwanza la asubuhi. Asijisumbue kuuliza watu. Wengine wote watakuwa wanashuka wakitabasamu. Dada yake atakuwa yule aliyenuna, na asimwamini.

Wifi yako,
Mama Oti